Punje Kumi za Sifa

Ndugu zangu wa Koboko, na ninyi wa Arua mnaopenda kujiona wa mjini, kaeni kitako niwaambie habari ya nyumba ya Constantino Yugu wa kijiji cha Midia. Mimi ni Fatumah, muuza samaki wakavu katika soko la Koboko, na anayenijua anajua kwamba ulimi wangu hauna breki. Yugu amekuwa jirani yangu tangu uhamishoni Zaire, tulipokuwa tunagawana chumvi kwa ncha ya kijiko. Niliyoyaona nitayasema kama nilivyoyaona. Ambayo sikuyaona nilielezwa na binti yake mwenyewe, Rosa Kiden, ambaye siku hizi anauza samaki kando yangu.

Kiangazi cha mwaka 1991 mambo yalikuwa yametulia. Tulikuwa tumerudi kwetu, tumejenga upya nyumba zilizokuwa zimemezwa na majani, na simsim ilikuwa imekubali shambani. Ukipita kwa Yugu asubuhi ungemkuta amekaa juu ya kigoda na kikombe cha chai, anawatazama ng'ombe wake wakilamba majivu ya moto wa jana. Ng'ombe wale walikuwa mahari ya binti yake mkubwa, Margarita, aliyeolewa na Jale, mwenye lori la biashara pale Koboko mjini. Yugu mwenyewe alikuwa dereva wa jeshi kabla ya vita vya 1979 vilivyotukimbiza Zaire, na mkewe alikuwa Mlugbara, mtu wa lugha nyingine, kwa hiyo nyumba ile ilizungumza Kiswahili chetu cha kambi za jeshi, hata na mbuzi. Mke huyo na mtoto wao wa kiume walibaki katika makaburi ya Zaire. Yugu alirudi na mabinti wawili tu, Margarita na Kiden.

Siku ninayoisema, Kiden alikuwa amepokea matokeo ya kidato cha nne, na yalikuwa mazuri. Nilikuwa nimeleta samaki, tunakula uani, tunacheka. Yugu akatangaza kwamba hana mtoto wa kiume wa kumwolea mke kwa ng'ombe wale, basi watamsomesha Kiden mambo ya biashara: kutunza hesabu, kupiga chapa, kazi ya ofisi. Miaka ile ofisi na mashirika yalikuwa yanafunguliwa Arua kila kukicha, na yote yalitafuta watu wa namna hiyo.

Hapo ndipo Margarita alipoingia, kikapu kichwani, mdomo wa juu umevimba.

"Nilianguka kwa kisima," akasema kabla hajaulizwa.

Yugu akaweka kikombe chini. Tulijua sote kwamba hakuna kisima. Jale alikuwa mtu wa ngumi, na kwa kuwa Margarita hakuwa amezaa, alijiona ana haki ya kuzitumia. Na ninyi mnajua desturi yetu. Mke akimwacha mume, ng'ombe wa mahari lazima warudi kwa mume. Wakiwapo zizini, baba anasema chukua ng'ombe zako, mimi nachukua mtoto wangu. Zizi likiwa tupu, baba hana la kusema.

"Habari ya shule imekwisha," Yugu akasema. "Ngombe inabaki hapa."

Margarita mwenyewe ndiye aliyekataa. "Baba, wacha ngombe isomeshe Kiden. Mimi naweza vumilia hii miaka mbili. Kiden akipata kazi, atanunua ngombe ingine. Siku ile mimi narudi nyumbani, Jale atachukua vitu yake." Akamgeukia mdogo wake na kumfinya shavu. "Unasikia, mwanamuke wa ofisi? Mimi nakungoja wewe."

Kiden akalia. Mimi nililia pia, wala sioni aibu kusema. Uhai wa mtoto mmoja ulikuwa umewekwa rehani kwa masomo ya mwingine, mbele ya macho yetu, na samaki wangu bado wa moto.

Sasa msidhani Yugu alikuwa mjinga. Wapo wazazi wanaochagua shule kwa rangi ya geti. Yugu alisema kabla ya kununua jembe unamuuliza aliyelima nalo, akapanda nami lori la kwenda Arua ili awaulize wanafunzi wenyewe. Vyuo vya biashara alivyosikia habari zake vilikuwa viwili. Kimoja kiliitwa Taa ya Kesho, nacho kilikuwa na jengo lililopakwa chokaa na mkuu wa chuo aliyepita sokoni na kipaza sauti, wanafunzi wa mashati meupe wakimfuata. Cha pili kilikuwa chuo kidogo cha Mwalimu Dramadri, upande wa Mvara, mabati yamepiga kutu, hata kibao hakina. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini siku ya kununua nani anawakumbuka wahenga?

Yugu alikuwa na namna yake ya kupima. Jeshini, mkufunzi wa madereva alikuwa akiwapa alama juu ya kumi, na yeye hakuwahi kuisahau hesabu hiyo. Akachukua punje za mahindi, akatia katika koti lake la zamani la jeshi. Kila mwanafunzi aliyekutana naye alimwekea punje kumi kiganjani na kumwambia, "Mwanangu, nirudishie kadiri shule yako inafaa. Ingine ni yako." Punje zilizorudi za Taa ya Kesho alizitia mfuko wa kulia, za Dramadri mfuko wa kushoto.

Wa kwanza alikuwa Kamisi, kijana wetu wa Midia, amevaa tai, kiatu kinang'aa. Alizirudisha zote bila kuzitazama.

"Baba, kule iko muzuri sana," akasema. "Mashini ya chapa iko mingi. Mwalimu wanatoka Kampala. Mimi natoa kumi."

Waliomfuata, wengine walitoa kumi, wengine tisa. Mmoja aliona haya kubaki na punje moja, akarudi mbio kuitoa.

Kisha tukakutana na msichana mrefu, Candiru, anatoka kwa Dramadri, vidole vimejaa wino. Alipewa punje kumi akacheka kicheko cha hasira.

"Muze, kama unapenda mutoto yako, usilete kule. Mwalimu Dramadri ni pilipili. Unakosea hesabu kidogo tu, anapasua karatasi mbele ya watu. Jumamosi watu wanapumzika, sisi anatutuma kwa maduka tuandike hesabu ya wenyewe, na wenye duka wanatutukana. Mimi amenirudisha darasa!"

Akamrudishia tatu. Zilizobaki akamrushia kuku aliyekuwa akipita. Wenzake nao walilalamika hivyohivyo: mmoja maharagwe yana wadudu, mwingine mgongo unauma kwa kukaa kwenye mashine, mwingine mtihani wa kila Ijumaa.

Jioni mfuko wa kulia ulikuwa umetuna kama shavu la mwenye jino bovu. Wa kushoto ulikuwa umelala. Nikamwambia Yugu, "Samaki anayesifiwa na kila mtu, mimi namnusa mara mbili. Mbona hawa wa Taa wote wanasema maneno yaleyale?"

Yugu akacheka. "Mama Fatumah, wewe unanusa kila kitu. Mutu analala ndani ya nyumba, yeye ndiye anajua kama inavuja."

Neno lake lilikuwa la kweli kabisa, ndiyo maana lilimponza. Anayelala ndani anajua, ndiyo. Lakini kujua na kusema ni vitu viwili, na kati yavyo mtu anaweza kufa.

Kiden akaingia Taa ya Kesho mwanzoni mwa 1992, na nusu ya ng'ombe wakatoka zizini kulipa karo.

Wiki ya kwanza tu alijua. Chuo kizima kilikuwa na mashine moja ya kupiga chapa, na utepe wake ulikuwa umekauka hadi herufi hazionekani. Wanafunzi walipewa maboksi ya sabuni yaliyokatwa, yamechorwa herufi kwa kalamu, wakakaa wakigonga boksi kwa vidole, tap tap tap, kama watoto wanaocheza duka. Mwalimu kutoka Kampala alikuwa shemeji wa mkuu wa chuo, na alitoka Kampala kweli, maana aliwahi kupita huko kwenye basi. Alifundisha ukurasa wa kwanza wa kitabu cha hesabu, akaugua, akarudi, akafundisha ukurasa wa kwanza tena. Mgeni akija, mashine za kukodi zililetwa kwa baiskeli, akiondoka zinarudishwa.

Kiden akamtafuta Kamisi, akamshika shati.

"Kamisi! Wewe ulimuambia baba yangu kumi!"

Kamisi hakukasirika. Alikaa juu ya jiwe akatazama viatu vyake. "Baba yangu aliuza shamba ya tumbaku, Kiden. Shamba ya babu. Unataka niende nyumbani nimuambie amenunua hewa? Atakufa. Na wewe, utamuambia baba yako nini?"

"Nitasema kweli."

"Sisi yote tulisema hivyo," Kamisi akajibu. "Ngoja ufike nyumbani."

Hilo ndilo lililokuwa shimo lenyewe, ndugu zangu. Hakuna mwanafunzi aliyelipwa kusifu. Mkuu wa chuo hakuwa na haja ya kumhonga mtu, maana sisi wazazi tulimfanyia kazi hiyo bure. Mtoto ameuziwa shamba, ameuziwa ng'ombe, shangazi wametoa mbuzi, kanisa au msikiti umemwombea, ataanzaje kusimama mbele ya watu hao na kusema mmetupa? Kwetu kulisema vibaya jambo ulilochangiwa na ukoo ni kuutukana ukoo. Kwa hiyo kila mtoto aliyetumbukia aliita wengine kwa sauti tamu, njooni, huku chini ni kuzuri.

Likizo ya kwanza, Kiden alikuja akiwa amekwisha kuyapanga maneno yake. Njiani, juu ya lori, aliyarudia moyoni mpaka Koboko. Lakini Yugu alikuwa amechinja mbuzi. Uani walijaa majirani, akiwamo Soka, mzee mwenye binti aliyemaliza shule kama Kiden, aliyekuja hasa kusikia. Na kwenye mkeka, karibu na mlango, alikaa Margarita, amefunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono, anamtazama mdogo wake kama mtu anayetazama mvua inakuja.

Yugu akasimama. Akaingiza mkono katika koti, akatoa punje kumi, akazimwaga kiganjani mwa Kiden mbele ya watu wote.

"Sema, mwanangu. Usiogope."

Kiden ameniambia mara nyingi kwamba kiganja chake kilikuwa na jasho hata punje zikamgandia. Alimtazama baba. Alimtazama Margarita. Akaliona zizi nyuma ya Margarita, nusu yake tupu. Nayo nusu ile tupu ilikuwa yeye.

Akazirudisha zote kumi.

Margarita ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na mkono ule uliofungwa ameuinua juu. Soka alipeana mkono na Yugu, na muhula uliofuata binti yake naye alikuwa anagonga boksi la sabuni.

Nataka mshike hapo, msikimbie. Siku ile nusu ya ng'ombe walikuwa bado zizini. Kama Kiden angebaki na punje tisa mkononi, ingekuwa aibu, ingekuwa kilio, pengine Yugu angempiga. Kisha wangekaa. Chuo cha Dramadri kilikuwa bado kipo, hakijahama. Ng'ombe waliobaki wangetosha kuanza upya huko, au wangekuwa mwanzo wa kumkomboa Margarita na ukoo ukachangia waliopungua. Milango yote ilikuwa wazi. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio kilikuwa kimeshaanza safari kuja Midia.

Mwaka wa pili ng'ombe waliobaki wakauzwa, kwa furaha, kwa sababu ya punje kumi.

Mwisho wa 1993 Kiden akapewa cheti chenye muhuri mkubwa mwekundu. Akakipeleka kwenye ofisi moja ya Arua iliyokuwa inatafuta karani. Aliyempokea mezani alikuwa Candiru, yule wa vidole vya wino, sasa karani mwenye kiti chake; alipojitaja, Kiden akalikumbuka jina lile kutoka kwa hadithi za baba yake. Candiru akamwekea karatasi na kumwonyesha mashine, kama alivyofanya kwa kila mwombaji. Kiden akakaa mbele ya mashine ya kweli. Hakujua karatasi inaingilia wapi. Alipobonyeza, vyuma vitatu vilinyanyuka pamoja vikakwama, akavuta mkono kana kwamba vimemuuma.

Candiru akamfungia mlango watu wasione. "Dada, hii cheti tumeona mingi hapa. Mutihani yao haikufika Kampala kusahihishwa hata siku moja. Mimi nasikitika."

"Lakini wewe," Kiden akasema, "wewe ulimuambia baba yangu, ule muze wa punje, shule yako iko mbaya. Ulitoa tatu."

"Ilikuwa inaniuma!" Candiru akasema. "Mutu analia kwa kitu inamukaza. Hakuna siku mwalimu alituacha tupumue. Kwenu mungelia nini? Hakuna kitu ilikuwa inatokea." Akamrudishia cheti chake. "Rudi nyumbani, useme. Halafu uende kwa Dramadri. Ni mukali, lakini hafukuzi mutu."

Kiden hakurudi nyumbani. Alikwenda ofisi nyingine, na nyingine. Kisha akapanga pembe ya chumba upande wa Ediofe, akawa anafua nguo za watu, na kwa kila lori lililokwenda Koboko alituma salamu: mwambieni baba niko sawa, nangoja kuitwa kazini. Mimi mwenyewe nilipokea salamu hizo sokoni nikazipeleka kwa Yugu, naye alizipokea kama mtu anapokea maji.

Katika wiki hizohizo Margarita alikuja nyumbani kwa miguu, mchana kweupe, mkono wa kushoto umevunjika na sikio moja halisikii. Hakusema kisima. Alikaa tu chini.

Kesho yake Jale akaja na kaka zake na wazee wawili. Hakupiga kelele, maana alijua hana haja. "Baba mukwe, nataka bibi yangu, au nataka ngombe yangu. Moja tu."

Yugu alilitazama zizi. Majani yalikuwa yameota ndani. Nilisema Margarita akae kwangu mpaka mkono upone, Jale akajibu kwamba nyumba itakayomficha mke wake ndiyo itakayotoa ng'ombe, na wazee wakatikisa vichwa kumkubalia. Wazee wetu hao! Kwa ng'ombe wana macho, kwa mfupa uliovunjika ni vipofu.

"Kiden amemaliza," Yugu akamwambia Margarita. Alikuwa anaongea kwa kuomba, mzee yule. "Anangoja kuitwa tu. Mwezi moja, mwanangu. Labda hata haifiki mwezi."

Margarita akajiinua kwa mkono mmoja. Nilimfunga kanga vizuri kwa kuwa mwenyewe hakuweza. Akasema, "Sawa, baba. Kiden iko karibu." Akatangulia mbele ya Jale njiani.

Hakufikisha mwezi. Ilikuwa siku ya soko, samaki wangu wamepangwa, niliposikia wanawake wanapiga yowe upande wa barabara. Margarita amekufa; watu wa Jale walisema alianguka. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha, na niliyoyaona mwilini mwake siyasemi hapa kwa sababu kuna watoto wanasikiliza, lakini mtu haanguki namna ile. Kabla udongo haujakauka Jale alikuwa ameshavuka mpaka kuingia Zaire na lori lake. Mpaka wetu uko karibu mno kwa wauaji.

Kiden alifika siku ya mazishi, na mikono imebabuka kwa sabuni ya kufulia. Yugu aliiona ile mikono. Karani hababuki mikono. Alingoja mpaka watu walipotawanyika, tukabaki watatu uani, yeye, Kiden na mimi niliyekuwa nakusanya vyombo.

"Kazi ni gani?" akauliza.

"Hakuna kazi, baba. Hakuna shule. Haikuwa shule tangu mwanzo."

"Ulijua lini?"

"Wiki ya kwanza."

Yugu hakumpiga. Ningefurahi kama angempiga, maana ningejua la kufanya. Aliingia ndani akatoka na lile koti la jeshi. Akatafuta mfukoni, akazitoa punje kumi, zimekuwa nyeusi kwa uzee, akaziweka kiganjani mwa binti yake.

"Nirudishie tena," akasema. "Kadiri inafaa."

Akanyoosha mkono wake, wazi, akangoja.

Kiden aliufunga mkono wake juu ya zile punje, akaukandamiza kifuani, akapiga magoti. Hakurudisha hata moja. Alilia kwa jina la dada yake. Na Yugu akabaki amenyoosha mkono vilevile, mtupu, jua likamhama pale aliposimama, hata chakula nilichomletea kikapoa. Mwishowe mimi ndiye niliyeusogelea ule mkono na kumkunja vidole, kimoja kimoja, kwa sababu mwenyewe alikuwa amesahau kuufunga.

Yugu yu hai hadi leo. Hafugi kitu.

Funzo

Wazazi wenzangu, kuuliza wanafunzi kabla ya kuchagua shule ni jambo jema, na Yugu hakukosea kuuliza. Alikosea kuhesabu sifa. Usihesabu sifa. Muulize mtoto amefanya nini jana, umwambie akuonyeshe kwa mikono yake, na umuulize mbali na watu, siyo mbele ya mbuzi aliyechinjwa. Anayelalamika msikilize hadi mwisho, maana huenda shule inayomkaza ndiyo inayomfundisha. Zaidi ya yote, kabla mtoto hajaondoka mwambie wazi: ukikuta pabaya, rudi useme, sitakuhesabia ng'ombe. Mtoto asiyeambiwa neno hilo atakudanganya kwa sababu anakupenda.

Nanyi vijana, kusema kweli si kukosa shukrani. Kamisi alimficha baba yake aibu, naye Kiden akamficha Yugu, na binti ya Soka akafuata. Aibu waliyoikwepa wote ilikwenda ikaangukia mtu ambaye hakuwahi kukanyaga chuo chochote.

Na ukoo unaosema binti hawezi kurudi kwao mpaka zizi lijae, mimi Fatumah nauambia ana kwa ana kwamba umeuza mtu. Nikasirikieni mkitaka, samaki wangu mtanunua tu.

Kila mwanzo wa mwaka, malori yanapojaa wanafunzi wa kwenda Arua, Kiden huacha samaki wake kwangu akaenda kusimama pale wazazi wanapoagana na watoto. Huwaambia hadithi hii kwa ufupi. Wengi humfukuza, wanasema analeta mkosi. Mwaka jana mama mmoja alimsikiliza, akamshusha binti yake kwenye lori, wakaenda kando wakazungumza wawili peke yao.